Viti Vilivyogeuzwa Ukutani

Mdogo wangu alianza kuhubiria viti kabla hajahubiria watu.

Wakati huo nilikuwa nimeacha shule nikiwa darasa la saba. Mama alimfuata baba udongoni kabla nyasi hazijaota vizuri kwenye kaburi la kwanza, na sisi watoto wanne tukabaki katika nyumba yetu nje ya mji wa Bungoma, upande wa Kanduyi, tukitazamana. Mimi ndiye mkubwa. Shangazi zetu walikuja, wakalia, wakagawana sufuria, wakaenda. Nikapata kibarua Kitale kwa mzee mmoja aliyekodisha viti na mahema ya harusi na matanga, nikawahamisha wadogo zangu mmoja mmoja mpaka tukajaa sote katika chumba kimoja nyuma ya stoo yake.

Kitindamimba alikuwa hata hajaanza shule. Nilipokuwa nikiosha viti vilivyorudi na matope ya Saboti au ya Kachibora, yeye alivipanga safu, akapanda juu ya kreti ya soda na kuviambia viokoke. Vilivyovunjika mguu aliviombea uponyaji. Yule mzee alicheka akishika mbavu. "Huyu wako," aliniambia, "atakuwa mchungaji ama atakuwa mwendawazimu." Tulicheka sote. Nimeyakumbuka maneno hayo mara nyingi tangu wakati huo, na sijayacheka tena.

Siku hizi viti ni vyangu, pamoja na mahema, spika mbili kubwa, mashine ya sauti na pikapu inayopenda kusukumwa asubuhi. Wadogo zangu wawili wa katikati wana miji yao. Kitindamimba ni mchungaji kweli, wa kanisa la mabati karibu na Kanduyi, si mbali na mahali tulipozaliwa. Mimi nimebaki Kitale.

Asiyekaa Bungoma hawezi kujua mchungaji wa kule anazika kiasi gani. Mtu hazikwi na familia yake peke yake, anazikwa na kila aliyewahi kumsalimia. Mchungaji hukesha na wafiwa, huimba, huhubiri, hushika mkono wa mjane, hurusha udongo wa kwanza, kisha huketishwa kwenye meza yenye kitambaa na kuwekewa kuku. Akimaliza, pikipiki inamngoja kumpeleka boma lingine. Hawezi kusema hapana. Mchungaji aliyekataa kuzika hukumbukwa kwa hilo tu, hata kama alibatiza nusu ya kijiji. Na wafiwa wakishamaliza matanga yao, huwa wanapumzika. Yeye hana matanga yanayokwisha.

Jumamosi moja ya msimu wa mvua nilishuka na viti vyangu kwenye mazishi aliyokuwa akiongoza. Yalikuwa ya pili siku hiyo kwake. Nilipokuwa nikimbania kipaza sauti kidogo kwenye kola, niliona kola imekuwa pana kuliko shingo. Nikamvuta tai kidogo, kama nilivyokuwa nikimfunga vifungo vya sare ya shule.

"Pasta, unapungua."

"Injili haihitaji mafuta, Kaka."

Alihubiri vizuri. Alipomaliza, mwanasiasa mmoja alishika kipaza sauti kingine kuwasalimia watu, na tunajua salamu zao zina urefu gani. Mdogo wangu akateleza nyuma ya ghala la mahindi. Alisahau kwamba kile cha kwenye kola bado kinafanya kazi. Mimi nilikuwa nimevaa hedfoni, mkono kwenye mashine. Kwanza nikasikia kupumua, kama kwa mtu aliyebeba gunia. Halafu nikasikia sauti yake. Si ile ya mimbarini, ni ile ya chumba chetu cha Kitale.

"Baba, nimechoka kuwasindikiza. Wote wanalala isipokuwa mimi. Nichukue na mimi nilale."

Kidole changu kilikuwa kimeshashusha sauti yake kabla akili haijaelewa. Kwenye spika watu walisikia mkwaruzo tu.

"Mtu wa viti," kiongozi wa kwaya akanong'ona, "hiyo mashine iko sawa kweli?"

"Iko sawa, mama."

Haikuwa sawa na mimi sikuwa sawa. Niliangalia kona ya ghala mpaka alipotokea, akifuta uso kwa leso, akitabasamu tayari. Nikampandishia sauti. Akaanzisha wimbo wa kaburini, na jinsi alivyouimba, watu walilia upya. Mama mmoja kando yangu alisema, "Leo mtumishi amepakwa mafuta!" Na wenzake wakaitikia amina.

Tulipokuwa tukipakia viti alikuja kunisaidia, kama kawaida yake. Hajawahi kuona haya kubeba viti akiwa na suti.

"Unalala?" nikamuuliza.

"Mlinzi akilala, si ng'ombe wataibwa?"

"Sikuulizi mlinzi. Nakuuliza wewe."

"Kaka bana, wewe hesabu viti vyako."

"Nimekusikia. Pale nyuma ya ghala."

Mkono wake ukaenda kwenye kola. Kipaza sauti nilikuwa nimeshakitoa, lakini alikigusa mahali kilipokuwa.

"Nani mwingine alisikia?"

"Mimi tu."

"Basi yalikuwa maombi," akasema. "Maombi ya mtu hayasikilizwi na mtu." Akainua rundo la viti lililomfika kidevuni, akaenda nalo, na hatukuzungumza tena siku hiyo.

Mkewe ndiye aliyenieleza mengine. Alisema mumewe anakaa kwenye ukingo wa kitanda akiwa amevaa viatu. Anaomba juu ya chakula mpaka kinapoa, kisha anasema ameshashiba. Akiitwa jina lake anashtuka, kama mtu aliyefumaniwa. Shemeji alikuwa amewaambia wazee wa kanisa, na wazee walifurahi. Walimwambia asimzuie Roho, kwamba mtu wa Mungu akinyimwa usingizi ni kwa sababu amewekewa mzigo wa maombi. Habari ikaenea. Taa ya mchungaji inawaka hata alfajiri, basi mlango wake uko wazi. Wenye watoto wagonjwa wakaanza kuja kabla ya kukucha, wenye kesi za mashamba wakaja, wasichana waliokataliwa wakaja. Kadiri alivyokosa usingizi ndivyo walivyozidi kumletea sababu za kutolala. Na wote walikuja kwa upendo. Hilo ndilo lililonisumbua zaidi, kwamba sikuweza kumkasirikia mtu.

Nikaenda mwenyewe kwa mkubwa wa wazee hao wa kanisa, nikamkuta anakama.

"Mzee," nikamwambia, "ng'ombe huyu akiacha kula utafanya nini?"

"Si nitamwita daktari wa mifugo."

"Na pasta akiacha kula?"

"Ah! Huyo amefunga."

"Hajafunga. Ni mgonjwa."

Akaendelea kukama. Maziwa yalikuwa yakigonga ndoo. "Kijana wangu, wewe ni mtu wa viti. Haya ya rohoni utayapima na nini?"

"Nimemlea."

"Ulilea mtoto. Huyu sasa ni baba yetu."

Nilirudi Kitale na maneno hayo yakinizunguka kama nzi. Nikawa siwezi kukaa. Niliosha viti vilivyokuwa safi. Nilikunja hema, nikalikunjua, nikalikunja tena. Simu ikilia moyo ulinipasuka, isipolia nilimpigia mimi. "Tuombeane, Kaka," alisema kila mara, na kukata kabla sijauliza. Mke wangu alinitengea chai, nikaizunguka. Mazishi ninayafanyia kazi na ninajua yanavyoandaliwa: kwanza simu, halafu mtu anakuja kuuliza una viti vingapi. Kila aliyenipigia kutoka Bungoma kuuliza viti nilimuuliza kwanza, "Ni nani?" Watu walishangaa. Biashara haiulizi hivyo.

Kisha shemeji akapiga.

"Shemeji," alisema, "ameanza kugawa vitu."

"Vitu gani?"

"Viatu vyeusi amempa mfagiaji wa kanisa. Saa amempa yule wa kinanda. Koti la harusi yetu, amesema hilo ni lako, nikuletee."

"Waumini wanasemaje?"

"Wanasema ni ukarimu. Wanashukuru sana."

Mama yetu, katika wiki yake ya mwisho, aligawa leso zake. Aliniita, akanipa mimi ile ya manjano ingawa mimi ni mwanamume, akasema nitamfunikia kitindamimba. Yeye alijua anakokwenda. Nilimwambia shemeji asimwache mtu huyo peke yake, hata akienda kisimani, na nikaondoka kwenda Bungoma kesho yake asubuhi.

Nilimkuta kanisani, ameketi kiti cha nyuma kabisa, pale wanapokaa wanaochelewa, mkewe akimlinda kutoka mlangoni. Sikuzunguka.

"Twende hospitali Kitale. Leo."

"Kufanya nini?"

"Kuna daktari wa mambo haya."

"Mambo gani?"

"Haya yanayokufanya ugawe viatu."

Nje, mtu alikuwa akigonga kipande cha reli kuita watoto shuleni.

"Kaka, unajua foleni ya daktari huyo iko wapi? Iko pale mbele, kila anayeingia hospitali anaiona. Kesho simu zote za Bungoma zitakuwa nayo. Ati pasta amechizi. Watu nimewaombea watoke kwenye hali hiyo, mimi mwenyewe nikae hapo? Jumapili nitahubiria nani?"

"Utahubiria viti. Si ulianza navyo?"

Akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo, kilichotoka kwa mlango wa nyuma, lakini kilikuwa chake. Nilikishika hicho. Mwishowe alisema nimpe mpaka baada ya semina. Askofu alikuwa amewaita wachungaji wote wa Bungoma na Trans Nzoia, wakutane Kitale wiki iliyofuata, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya viti na sauti. Nilimfanya aahidi mbele ya mkewe kwamba atafika. Aliahidi. Shemeji alilala na ufunguo wa mlango chini ya mto wiki nzima, na mimi nilizunguka stoo yangu.

Siku ya semina kulikuwa na baridi ya Kitale, ile inayoingia kwenye viatu. Ukumbi ulijaa makoti mazito, salamu za "Bwana asifiwe" na kupigana migongo. Mdogo wangu alifika. Alikaa katikati, kama mtu anayejificha ndani ya msitu.

Askofu alimkaribisha mgeni, mama wa makamo, muuguzi wa wagonjwa wa akili. Kulikuwa na miguno. Yeye akashika kipaza sauti bila haraka.

"Mimi nimekulia nyumba ya pasta," alisema. "Najua sura anayorudi nayo ndani wageni wakishasindikizwa mpaka barabarani."

Miguno ikaisha.

"Kabla sijawafundisha kitu, nataka kujua hali yenu. Nani hapa hajalala vizuri wiki mbili hizi?"

Hakuna aliyejitikisa.

"Sisi tunafurahi katika Bwana!" mmoja akapaza sauti, na ukumbi ukaitikia, "Amina!"

"Sista," mwingine akaongeza, "hayo ya mawazo mengi ni ya watu wa benki." Wakacheka, na muuguzi akacheka nao. Kisha akafanya jambo ambalo wao hufanya kila Jumapili. Akashusha sauti, akasema, "Basi kila kichwa kiiname. Kila jicho lifumbwe. Asiwepo anayeangalia. Kama ni wewe, inua mkono tu, utaushusha."

Vichwa vyote viliinama mara moja. Mimi nilikuwa mbele, kando ya mashine, nikiwatazama uso kwa uso, na nikaona jambo ambalo sikulitarajia. Hakuna jicho lililofumbwa. Wote walikuwa wameinamisha kichwa na kuangalia chini ya nyusi, macho yakienda taratibu safu kwa safu, kutoka kushoto kwenda kulia. Hawakufanya hivyo kwa ubaya. Maneno yale wamewaambia watu miaka yote, lakini wao wenyewe hawajawahi kuyatii, kwa sababu anayeita watu madhabahuni ndiye anayetakiwa kuona mikono. Shingo zao zilikumbuka kuinama na macho yao yakakumbuka kazi. Kisha macho yakakutana. Mmoja akakohoa. Mwingine akaangua kicheko, na ukumbi mzima ukafuata.

Mchungaji mmoja mzee, aliyetoka kwenye miteremko ya Mlima Elgon juu ya Saboti, hakucheka.

"Binti yangu," alisema, "umewaambia madereva wafumbe macho na gari linakwenda."

Akasimama. Akabeba kiti chake kwa mkono mmoja mpaka ukutani, akakigeuza, akaketi na kutugeuzia mgongo, magoti yakigusa rangi ya ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa na mwalimu.

"Sasa uliza tena," akauambia ukuta.

Halafu Askofu akainuka, akachukua kiti chake, akaenda ukuta wa pili. Baada ya hapo ukumbi ulijaa mkwaruzo wa plastiki kwenye saruji, wanaume wazima wakigombania ukuta, "Songa kidogo, Pasta," "Hii kona yangu bana," mpaka katikati ikabaki wazi. Alibaki mdogo wangu peke yake, ameshika kiti kwa mikono miwili. Akanitazama. Kisha akakivuta mpaka kona ya mlango, akakigeuza, akaketi.

Muuguzi akanigeukia. "Na wewe, fundi."

Kazi yangu ni kuangalia na kusikiliza. Kwa maisha yangu yote nimemwangalia huyu mtu: akilala, akila, akivuka barabara. Niligeuza kiti changu. Mbele yangu kulikuwa na msumari, kipande cha karatasi ya tangazo la zamani, na alama ya mkono wa mtoto.

Muuguzi aliuliza kuhusu usingizi. Viti vyangu si vipya, mtu akiinua mkono uzito wake huhama na mguu wa kiti hulia kidogo. Kikalia kimoja. Kikalia cha pili, cha mbali. Halafu vikalia kama mvua inavyoanza kwenye mabati. Aliuliza kuhusu chakula, vikalia. Aliuliza nani hana hata mtu mmoja wa kumwambia ukweli, na hapo ilikuwa mvua yenyewe.

Mwisho akasema polepole, "Nani kati yenu ametamani asiamke?"

Ndege alikuwa akitembea juu ya bati. Kisha kiti kimoja kikalia. Baadaye kidogo, kingine. Sikuweza kujua ni kona gani. Nilikuwa na mashine pembeni, ningeweza kujifanya narekebisha waya na kutupa jicho. Nimewahi kubeba peke yangu hema lililolowa mvua. Halikuwa zito kama shingo yangu saa ile. Nilishika magoti yangu, nikauangalia msumari.

"Shusheni mikono," alisema. "Nitakaa nyuma ya jikoni mpaka jioni. Anayetaka, aje. Lakini wewe uliyeinua mkono kwa swali la mwisho, nakuomba usiondoke hapa kabla sijakuona. Nakuomba sana."

Wakati wa chai walipiga kelele kuliko kawaida. Nilipopita nyuma ya jikoni kutoa waya, nilikuta foleni isiyotaka kuitwa foleni. Kila mchungaji alikuwa na simu sikioni, akisema "ndiyo, ndiyo, tuombeane," na sikusikia simu hata moja ikilia. Mmoja alikuwa akiuchunguza mgomba kama mtu anayetaka kuununua. Askofu alikuwa kwenye pipa la maji akinawa mikono ambayo tayari ilikuwa safi, akisogea kidogo kila aliye mbele yake alipoitwa na muuguzi.

Mdogo wangu hakuwepo. Nilirudi ukumbini karibu nikikimbia. Nilimkuta anarundika viti.

"Acha, bado watavikalia," nikasema.

Aliendelea kuvirundika.

"Kaka."

"Naam."

"Ulinipa mgongo."

"Ndiyo."

"Hata hukuchungulia?"

"Sikuchungulia."

Alinitazama kama anayepima kamba kabla ya kuning'iniza hema. Kisha akaweka kiti alichoshika chini, polepole, miguu minne kwa pamoja.

"Basi nisindikize," akasema. "Hapo nyuma."

Kwenye foleni walimpisha bila kuambiwa. Nilibeba viti viwili. Nilitaka kumwachia kimoja na kuondoka, akanishika mkono wa koti. Muuguzi alimuuliza habari zake, naye akaanza kwa sauti ya mimbarini: "Kuna baadhi ya waumini, unajua, ambao wakipitia majonzi..."

"Si waumini," alimkatiza kwa upole. "Wewe, ndugu yangu. Umefikiria kujiua?"

Aliuliza wazi, bila kuzunguka, kama mtu anayeuliza una homa. Mimi nilikuwa nimelizunguka swali hilo tangu nyuma ya ghala, sijawahi kulitia mdomoni.

"Ndiyo," alisema mdogo wangu.

"Ulikuwa umepanga?"

"Nilikuwa nagawa vitu. Nilitaka kumaliza kugawa kwanza."

Muuguzi hakushtuka. Alisema daktari lazima amwone leo, si kesho, na kwamba hali hii inatibika, ameona wengi. Akauliza nani atakwenda naye.

"Mimi," nikasema.

"Na nani atakaa naye, ahakikishe anakula, asiachwe peke yake?"

"Mimi. Nilishafanya hiyo kazi."

"Lakini Jumamosi..." mdogo wangu akaanza. "Kuna mazishi mawili. Nimeahidi."

Askofu alikuwa nyuma yetu, maji yakimchirizika viganjani.

"Nitazika mimi," alisema.

"Na ya pili, Baba Askofu?"

"Hata ya pili. Nenda, mwanangu."

Foleni ya hospitali ilikuwa palepale alipoiogopea, mbele ya kila anayeingia. Hatukuwa tumeketi bado, mama mmoja mwenye kikapu akamtambua. Aliwahi kuhudhuria mkutano wake Kachibora.

"Bwana asifiwe, Pasta! Umekuja kutuombea?"

Nilikuwa tayari kusema uongo kwa niaba yake, nilikuwa nimeshafungua mdomo.

"Hapana, mama," akasema. "Leo mimi ndiye mgonjwa."

Yule mama alimtazama, kisha akatoa kikapu chake kwenye benchi na kukiweka miguuni. "Basi keti, baba. Wanachelewa hawa."

Sitasema kwamba kila kitu kilinyooka. Alikuja kukaa kwangu, yeye na shemeji. Dawa za kwanza zilimkausha mdomo, akanilaumu mimi. Siku nyingine aliamka akitaka kurudi Kanduyi papo hapo, tukabishana mlangoni kama wauza ng'ombe. Baadhi ya waumini wake wamehamia kwingine. Mzee wa kanisa alipokutana nami alisalimia pikapu, si mimi. Lakini yule wa kinanda alituma saa irudishwe, na mfagiaji akaleta viatu mwenyewe mpaka Kitale, vimepigwa rangi. Mimi bado simu ikilia nauliza "Ni nani?" kabla ya kuuliza viti vingapi. Sidhani nitaacha.

Asubuhi moja nilikuwa nimepakia viti na hema la kupeleka Saboti kwenye harusi. Mdogo wangu alipanda nyuma, akasema atanisaidia kushusha. Nikaingia ndani kuchukua kamba. Nilipotoka nilimkuta amelala juu ya hema lililokunjwa, mdomo wazi, mkono mmoja umening'inia nje. Nilisimama nikamsikiliza akipumua. Sikuhitaji hedfoni. Hakuwa amebeba gunia.

Nikachukua ile leso ya manjano ya mama, imechakaa lakini ipo, nikamfunika uso asipigwe na jua. Simu ikalia. Nikaenda nayo mpaka nyuma ya stoo kabla sijaipokea.

"Mtu wa viti!" Ilikuwa sauti ya baba wa bibi harusi. "Wageni wameanza kufika! Uko wapi?"

"Niko njiani, mzee."

"Njiani wapi? Mbona sisikii gari?"

"Linakuja," nikanong'ona. "Tandikeni mikeka kwanza."

Nikaikata, nikarudi, nikachukua kiti kimoja, nikakiweka kando ya pikapu. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, nikakaa.